Tukinyanyaswa Kazini Twende Wapi?

(Maneno ya Kamati ya Elimu, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)

 

Mhasibu amekwisha kutusomea mapato na matumizi, na makofi aliyopata yanatosha. Sisi tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo halina ukurasa wake katika daftari la hisa, lakini linaligusa daftari hilo kila mwezi. Jambo lenyewe ni manyanyaso kazini.

Pengine mtu atauliza, sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa, mambo ya kazini yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wengi wetu humu tunauza mboga, tunashona, tunakaanga maandazi. Lakini wengine tumeajiriwa: mahotelini, madukani, viwandani, mashuleni, mahospitalini, na majumbani mwa watu. Hisa zetu zinatoka kwenye mshahara. Mwanamke akitukanwa mpaka akatupa aproni na kuondoka, mwezi unaofuata hana cha kurejesha. Wadhamini wake wanaanza kutazamana. Yeye mwenyewe anaona aibu, anaacha kuja mkutanoni. Tunampoteza mwanachama, na yule aliyemwonea wala hajui kwamba amekiumiza kikundi kizima.

Kwa hiyo leo tunataka kusema neno moja kubwa, na mengine yote yatalifuata: USIONDOKE KIMYA KIMYA. Sheria ipo, lakini sheria ina kalenda yake, na inataka maandishi.

Manyanyaso ni nini?

Tuelewane kwanza. Msimamizi akikuonya kwa sababu umechelewa mara tatu, hayo si manyanyaso. Akikuambia chakula kimeungua, upike tena, hiyo ni kazi yake. Kazi ina nidhamu, na sisi wenyewe tunatozana faini tukichelewa mkutanoni.

Manyanyaso ni pale mtu anapotumia nafasi yake kukuvunja moyo na kukudhalilisha. Kukutukana mbele ya wateja kila siku. Kukupangia zamu ya usiku makusudi kwa kuwa anajua una mtoto mchanga. Kukukata mshahara kwa glasi aliyovunja mwingine. Kukucheka kwa kabila lako au dini yako. Kukutengea kikombe chako peke yako kwa kuwa amesikia una virusi vya UKIMWI. Kukwambia mjamzito hafai kukaa mapokezi. Na yale tunayoyajua wote, bosi anataka "mambo mengine" ndipo akuthibitishe kazini.

Sheria inasemaje?

Hapa Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Wenzetu wa Zanzibar wanayo yao, Sheria ya Ajira ya mwaka 2005, kwa hiyo mwenye ndugu kule asichukue maneno yetu kama yalivyo.

Sheria yetu inakataza ubaguzi kazini, na inasema wazi kwamba kumbughudhi mfanyakazi ni aina ya ubaguzi iwapo anabughudhiwa kwa misingi iliyotajwa. Misingi hiyo ni kama rangi, kabila au mahali mtu anakotoka, dini, siasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, na hali ya maisha. Akina mama, hebu tazameni orodha hiyo. Ujauzito umo. Majukumu ya familia yamo. Wanawake wengi wanaoonewa kazini wataiona sura yao humo.

Na kuna jambo jingine zuri ambalo wengi hatulijui. Mfanyakazi akionyesha ushahidi wa kutosha, wa kumfanya mtu aone kwamba kweli kuna ubaguzi, mzigo unahama. Ni mwajiri sasa atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Lakini tusidanganyane. Bosi anayewafokea wote sawasawa, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, huyo ni mgumu kumkamata kwa kifungu cha ubaguzi. Hatumaanishi kwamba basi hana dawa. Dawa yake iko kwingine, nayo ni hii tunayotaka mwisikilize kwa makini kuliko zote.

Kuacha kazi kwa kulazimishwa

Kwa sheria hii, kuachishwa kazi si lazima uandikiwe barua ya kufukuzwa. Mwajiri akiifanya kazi isivumilike mpaka wewe mwenyewe ukaondoka, sheria inaweza kuhesabu kwamba yeye ndiye aliyekuachisha. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zimetaja sababu zinazoweza kukubalika. Mojawapo ni bughudha za kimapenzi, au mwajiri kushindwa kukukinga nazo. Nyingine ni kutendewa isivyo haki, ILA hapa kuna sharti: uwe umetumia kwanza njia zilizopo za kupeleka malalamiko, isipokuwa kama ulikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia.

Mmeona hapo? Mwanamke aliyevumilia miaka miwili bila kumwambia mtu, halafu siku moja akabeba mkoba wake akaenda zake, atapata taabu sana kueleza. Msuluhishi atamwuliza, "Ulilalamika kwa nani? Lini? Barua iko wapi?" Mwenzake aliyepeleka barua mbili, akaweka nakala, akasubiri majibu, ndipo akaondoka, huyo ana pa kushika. Wote wawili wameonewa sawa. Tofauti yao ni karatasi.

Kwa hiyo, mama, usitupe aproni kwa hasira. Hasira ni haki yako, lakini iandike kwanza.

Hatua za kufuata

Kwanza, DAFTARI. Jamani, sisi ndio mabingwa wa daftari. Miaka kumi tumeishi kwa kuandika hisa, faini na marejesho, na tunajua kwamba kisichoandikwa huzua ugomvi. Fanya hivyo hivyo kwa manyanyaso. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na nani alikuwapo. Ujumbe wa simu usiufute hata kama unakuchefua. Karatasi za mshahara zitunze nyumbani, usiziache kabatini kazini.

Pili, MALALAMIKO YA MAANDISHI. Anza na msimamizi, na ikiwa msimamizi ndiye anayekuonea, nenda kwa aliye juu yake. Barua fupi inatosha: nini kimetokea, lini, unaomba nini kifanyike. Peleka nakala mbili, moja wapokee, nyingine wakusainie na kuweka tarehe. Wakikataa kusaini, andika hivyo daftarini na mtaje shahidi.

Tatu, CHAMA CHA WAFANYAKAZI NA AFISA KAZI. Walio mahotelini na majumbani wana CHODAWU, walio viwandani na kwenye biashara wana TUICO, wa afya na serikalini wana TUGHE, walimu wana CWT. Kujiunga ni haki yako na si sababu halali ya kukufukuza. Na kama pale kazini hakuna tawi, yuko Afisa Kazi, ambaye ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua.

Nne, TUME YA USULUHISHI NA UAMUZI. Hiki ndicho chombo cha migogoro ya kazi, na ofisi zake ziko mikoani. Unajaza fomu ya kupeleka mgogoro, Fomu Namba Moja, unampa mwajiri nakala yake, na unaonyesha Tume uthibitisho kwamba ameipokea. Kwanza mnasuluhishwa. Usuluhishi umewekewa siku 30, na mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Uamuzi wake una nguvu, na asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ikithibitika kwamba uliachishwa isivyo haki, unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia.

Sasa shikeni hesabu hii kama mnavyoshika tarehe ya marejesho. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya SIKU 30. Migogoro mingine, ukiwamo wa kubaguliwa ungali kazini, ndani ya SIKU 60. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu, na "nilikuwa namwachia Mungu" haijawa sababu ya kutosha. Mungu tumwombe, na fomu tujaze.

Tano, POLISI NA TAKUKURU. Kuna mambo yanayovuka mipaka ya kazi yakawa jinai. Kupigwa ni jinai, hata kama aliyekupiga ndiye anayekulipa. Bughudha za kimapenzi zinazofanywa na mtu mwenye mamlaka, kwa maneno au kwa vitendo, ziliingizwa katika Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, nayo ilitaja mahali pa kazi kwa jina. Nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na uende mapema. Na mtu mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe ajira, cheo au haki yako yoyote, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Huhitaji kumaliza mambo ya Tume ndipo uende huko.

Walio watumishi wa umma wana njia yao. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kutumia njia za sheria za kazi. Walimu na wauguzi wetu wasipoteze muda wakabisha hodi mlango usio wao.

Hofu tunazozisikia

"Mimi sina mkataba." Hii tunaisikia kila siku. Wala usiogope. Sheria inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi na kukupa. Yakitokea mabishano mbele ya Tume naye akashindwa kuleta maandishi, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha lile sharti unalolidai. Tena Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa kwa kutazama hali halisi: nani anakupangia saa, nani anakuelekeza, vifaa ni vya nani, unamtegemea nani kwa kipato. Kukuita "kibarua" miaka minne hakubadilishi ukweli huo. Ila aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo ajue kwamba sheria ya mwaka 2004 ilimweka nje ya ulinzi wa kuachishwa isivyo haki. Ulinzi dhidi ya ubaguzi anao tangu siku ya kwanza.

"Nikishitaki watanifukuza." Wanaweza kujaribu. Lakini kudai haki uliyopewa na sheria hakuwezi kuwa sababu halali ya kukuachisha kazi, wala ujauzito hauwezi.

"Wananikata mshahara, watanimaliza." Kwa hasara au uharibifu, mwajiri hawezi kukata anavyojisikia. Lazima iwe ni kosa lako, ukiwa kazini, akueleze kwa maandishi kiasi na sababu, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya mshahara.

"Sina fedha ya wakili, na Kiingereza kinanipiga chenga." Mbele ya Tume unaweza kujisimamia mwenyewe, au kusimamiwa na kiongozi wa chama chako, au mwakilishi uliyemchagua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, wamekuwa wakiwasaidia akina mama kwa miaka mingi. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa na sheria kuwa lugha ya mahakama na vyombo vya kutoa haki. Utasema kwa lugha uliyozaliwa nayo.

Upande wa pili wa kisu

Ndugu wanachama, hapa tunaomba tusiinamishe vichwa. Katika miaka hii kumi mikopo yetu imekuza biashara. Wapo kati yetu wenye mgahawa na wasichana watatu wa kuhudumia. Wapo wenye saluni. Na walio wengi tuna dada wa kazi nyumbani, la sivyo tusingekaa hapa tangu asubuhi tukipigiana makofi. Sheria haina mlango wa mabosi wakubwa na mwingine wa mama fulani. Ukimlipa mtu akufanyie kazi, wewe ni mwajiri.

Mfanyakazi wa ndani hakuwekwa nje ya sheria hii. Saa zake za kawaida ni 45 kwa wiki, siku zisizozidi sita. Anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wake wa kwanza anastahili notisi ya siku 28, si kutolewa vyombo nje usiku kwa sababu ya sahani. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, hata kama mama yake ndiye aliyemleta kutoka kijijini akituomba. Mwenye kunyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, na likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Haki hizo tunazidai kwa wakubwa zetu. Binti anayetufulia anazo pia, naye ana daftari lake, hata kama ni la kichwani.

Dunia nayo imekwisha kulisema. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 huko Geneva mwezi Juni 2019, nao ulianza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Mkataba huo unasema kila mtu anastahili kufanya kazi bila ukatili na bughudha, akiwa ofisini, sokoni, jikoni mwa mtu, au njiani akienda na kurudi. Shamba na jiko vimewekwa sawa na ofisi yenye feni.

Mapendekezo ya Kamati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusingependa maneno haya yabaki kwenye kijitabu tu. Kamati inaleta mapendekezo manne, na Mwenyekiti ameahidi kuyafikisha mbele ya mkutano mkuu.

1. Mfuko wa jamii, ambao sasa unatusaidia kwenye misiba na magonjwa, ufunguliwe pia kwa mwanachama mwenye shauri kazini: nauli, nakala za karatasi, na chakula cha siku ya kwenda Tume. Huwezi kuhesabu siku 30 wakati huna nauli ya daladala.

2. Mwanachama aliyeachishwa kazi na mwenye shauri Tume aongezewe muda wa marejesho bila faini, maadamu ameonyesha nakala ya fomu iliyopokelewa.

3. Wachaguliwe wanachama wawili wanaojua kuandika vizuri, wawe wanamsaidia mwenzao kutunga barua ya malalamiko. Siri itakayosemwa mbele yao ibaki kwao.

4. Kila mwanachama mwenye mfanyakazi amwandikie masharti yake ya kazi, hata kwenye karatasi ya daftari: mshahara, saa, siku ya mapumziko. Wote wawili wasaini. Fomu ya mfano tutaigawa bure katika mkutano ujao.

Ndugu zetu, mshahara unampa mwanamke senti za kununua hisa. Hisa nazo zinampa kitu kingine: siku chache za kuweza kusema "hapana" bila watoto kulala njaa. Anayejua kwamba wenzake thelathini wako nyuma yake, na wanajua namba ya fomu na idadi ya siku, haongei na bosi wake kwa sauti ile ile ya mtu aliye peke yake. Tulipoanza kikundi hiki tulikuwa tunatafuta mtaji. Tunao. Sasa tuutumie pia kusimama.

Kwa wafadhili na majirani mlio hapa, mkitaka kutuunga mkono katika hili, tuleteeni msaidizi wa kisheria mara moja kwa miezi mitatu, akae nasi ukumbini saa moja baada ya mkutano. Chai tutachemsha wenyewe.

Kwa niaba ya Kamati ya Elimu tunawatakia heri ya miaka kumi, na mingine kumi yenye baraka zaidi.